Bunduki ya Shoto

Bunduki ilifika kwa ndege ya Alhamisi, pamoja na mayai na nepi za watoto, na kabla Jusipi hajajaza maji nyumba ya tatu kijiji kizima kilikwisha pata habari. Yeye ndiye dereva wa lori la maji. Kila alipovuta mpira wa maji kwenda kwenye ukuta wa mtu, dirisha lilifunguka na mtu akachungulia.

"Jusipi! Ya baba yako imefika!"

"Nimesikia, nimesikia."

"Sasa mzee atatulisha, eh?"

Jusipi alijifanya ana haraka, lakini meno yote yalikuwa nje. Huyo baba yake anayesemwa ni binti yake wa kumzaa, mwenye miaka kumi na mmoja, meno mawili ya mbele yamepishana, na viatu vya theluji hafungi kamba hata umpige. Mzee Tulugak alifariki majira ya baridi, mtoto akazaliwa barafu ilipoanza kulainika, akapewa jina la babu yake. Kwa watu wa pwani ile ya barafu, kaskazini ya mbali, jina halina mwanamume wala mwanamke, na aliyelibeba jina amembeba mwenyewe. Basi Jusipi humwita binti yake Baba, naye binti humwita mwanangu. Mama wa mtoto, Siasi, humwita baba mkwe, hasa akitaka amwoshee vyombo. Na Bibi Maina, mjane wa mzee, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwao, humwita mume wangu, na hapo hakuna utani.

Sasa mzee Tulugak alikuwa na shoto. Kila mtu alijua. Alilenga kwa kushoto, alikata nyama kwa kushoto, hata kuaga aliaga kwa kushoto. Kwa hiyo mtoto alipoanza kukaa, Maina alimtia kijiko mkono wa kushoto, na mtoto alipokishika, bibi alilia machozi ya furaha mbele ya wageni. Nani angekuwa na moyo wa kukihamisha?

Ndiyo maana ulipofika wakati wa kumchagulia bunduki yake ya kwanza hapakuwa na mjadala mrefu. Duka la ushirika lilikuwa na bunduki ndogo tatu katika kabati la kioo, zote za kulia, mkono wa kukoki uko upande wa kulia. Muuzaji alisema watoto huzoea.

"Mume wangu hana cha kuzoea," Maina alimjibu. "Amewinda kabla mama yako hajazaliwa. Agiza ya shoto."

Ikaagizwa kutoka kusini. Ilichukua miezi mitatu, na pamoja na nauli ya ndege ikafika dola mia tisa na ushei. Siasi alitazama risiti, akatazama jiko lake ambalo lilikuwa linawaka sahani mbili tu kati ya nne.

"Sawa," alisema. "Mkate wa baba mkwe tutauoka kwenye mtutu."

Lakini alicheka, na jioni ile bunduki ilipofunguliwa sakafuni, juu ya maboksi waliyoyatandaza kama wakati wa kula, yeye ndiye aliyeipapasa kitako na kusema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Mbao nyekundu, chuma cheusi, inanukia mafuta. Maina aliivuta, akaipima uzito, akampa mtoto.

"Haya, mume wangu. Usiku ule uliponiacha nilikuambia rudi. Umerudi. Shika."

Tulugak akaiweka bega la kushoto. Watu wakashangilia. Jusipi peke yake ndiye aliyeona kwamba mtoto hakutabasamu, naye akadhani ni heshima.

Jumamosi walikwenda nyuma ya rasi, ambako barafu ya bahari bado ilikuwa nene. Maina hakwenda, magoti yake na mtikisiko wa sleji inayoburutwa barafuni havipatani. Aliyefuata ni Markusi, binamu yake Jusipi, mtu wa mdomo mrefu, alikuwa akienda kutazama wavu wake wa samaki akaona asikose tamasha. Jusipi alipanga makopo sita ya maziwa juu ya bonge la theluji, akahesabu hatua thelathini, akamwekea binti yake begi apumzishe mtutu.

Risasi ya kwanza ikaenda zake. Ya pili pia. Ya tatu ikarusha theluji mbali kabisa, upande wa kulia.

"Mzee," Markusi alisema, akimimina chai, "makopo hayo yamekukosea nini? Yaache yaishi."

"Nyamaza bwana," Jusipi alisema.

"Sisemi kitu. Nasema tu, baba mdogo alikuwa anapiga kware weupe katika upepo, kichwani, nyama haiharibiki. Kifo kimemharibia shabaha."

Risasi kumi na mbili. Makopo yote sita yalibaki yamesimama, yanang'aa. Markusi akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali, akaona sasa imezidi, akapanda pikipiki yake ya theluji akaenda kwenye wavu.

Mngurumo wa pikipiki ulipofifia, Jusipi alichuchumaa mbele ya binti yake na kumwambia alenge tena, bila risasi. Hapo ndipo alipoona. Kitako kilikuwa bega la kushoto, lakini shingo ya mtoto ilikuwa imepinda, kichwa kizima kimevuka mbao ili jicho la kulia lifike kwenye shabaha. Alikuwa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo la mlango usiokuwa wake.

"Baba," Jusipi alisema, "fumba jicho la kulia."

Akafumba. "Sioni kopo. Yanafumba yote mawili."

Jusipi alikwenda kwenye sleji akachukua bunduki yake mwenyewe, ya kulia, akamshikisha. Mtoto akaiweka bega la kulia bila kuelekezwa. Ilikuwa ndefu mno kwake, mkono haukufika vizuri. Alifyatua. Kopo la kwanza likaruka. La pili likaruka. Akaiweka bunduki chini juu ya begi, polepole, kama aliyefumaniwa akiiba.

"Tangu lini?" Jusipi aliuliza.

"Tangu zamani."

"Na mbona kula unakula kwa kushoto?"

"Nimejizoesha." Alifuta pua kwa mgongo wa glavu. "Usimwambie bibi, Baba. Tafadhali. Atasema mimi siye babu."

Jusipi alikaa kwenye theluji. Baba. Katika miaka kumi na mmoja mtoto hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote ni mwanangu, mwanangu niletee maji, mwanangu umechelewa, nyumba nzima inacheka. Sasa neno lenyewe, lile ambalo watoto wa watu wengine huwaita baba zao kila siku, lilimchoma rohoni. Alitaka kumkumbatia, lakini alijiona hajui amkumbatie kama nani.

"Hatutamwambia," alisema, na papo hapo akajua amesema ujinga.

Nyumbani, Siasi alisikiliza huku anakanda unga.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Anaandika kwa kulia tangu darasa la kwanza. Daftari zake zimejaa rafuni, hujafungua hata moja? Unajua mtoto anatumia mkono gani akiwa hapa na kwa mama yako. Huko kwingine humjui."

Kweli, Jusipi hakuwa amefungua hata daftari moja.

"Sasa nenda ukamwambie mama yako," Siasi alisema.

"Kesho."

"Kesho Jumapili. Yuko kanisani."

"Jumatatu, basi."

Jumatatu alimkuta Maina anamshonea mume wake glavu za ngozi ya sili wa baharini, ya kushoto ina kidole cha kufyatulia kimeshonwa peke yake, kazi safi, nyuzi hazionekani. Jusipi akanywa chai vikombe vitatu, akazungumza habari za upepo, akarudi nyumbani. Jumanne bata bukini wa kwanza walionekana upande wa kusini. Wiki iliyofuata watu wote wangehamia kambini kuwasubiri, na Tulugak angekuwa hapo, na bunduki ambayo hawezi kulenga nayo, kati ya watoto wengine na mbwa. Si suala la kuchekwa tena. Mtoto asiyeona anakolenga ni hatari.

Alirudi dukani. Muuzaji alikunja uso: bunduki iliyoagizwa maalumu, tena imeshapigwa risasi, hairudishwi. Na zile tatu za kwenye kabati la kioo? Zilinunuliwa zamani, watu wanajiandaa na bata. Wateja watatu waliokuwa kwenye foleni ya mkate walitazama viatu vyao kwa adabu, na kila mmoja alisikia kila neno.

Ikabaki redio. Kijijini pale ukitaka kuuza pikipiki, kumpongeza mjukuu, au kumwambia jirani mbwa wake amefunguka, unapiga simu redioni na unasema hewani. Jusipi alipiga hesabu zake. Jumatano saa sita mchana mama yake huwa kwenye chumba cha ushonaji na wanawake wenzake. Redio yake imezimwa nyumbani. Atasema haraka, atabadilishana bunduki na mtu, na yale mengine yatajipa. Mpango huo ulimpa usingizi mzuri.

Mtangazaji alikuwa Aani, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu.

"Tuna Jusipi hapa. Sema, Jusipi."

"Nina bunduki ndogo, mpya. Nabadilisha na ndogo nyingine, ya kulia. Ahsante."

"Ngoja, ngoja, usikate. Kwani hii si ile ya baba yako? Ya shoto?"

"Ndiyo hiyo."

"Ehe! Tulivyoisubiri! Imekuwaje tena?"

"Haimkai."

"Haimkai vipi? Fupi? Ndefu?"

"Haimkai tu, Aani."

"Haya jamani, mmesikia, haimkai mzee. Mwenye ya kulia ampigie."

Alikata simu, jasho limemtoka. Alikuwa amekwisha washa lori alipokumbuka: chumba cha ushonaji kina redio. Kubwa, nyekundu, juu ya rafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitundika.

Mungu naye ana utani wake. Saa nane mchana taa nyekundu ya nje ya nyumba ya Maina ilikuwa inawaka, maana yake tangi lake limekauka, na dereva wa maji ni mmoja tu. Jusipi alivuta mpira mpaka ukutani. Siku nyingine zote mama yake hufungua mlango na kumpa kipande cha mkate chenye siagi, moto. Leo pazia lilisogea kidogo, likarudi. Alijaza maji mpaka taa ikawa kijani, akazungusha mpira, akasimama kidogo karibu na ngazi kama mtoto aliyevunja kitu. Mlango haukufunguka.

Saa tisa na nusu, akiwa nyumba ya pili ng'ambo ya barabara, alimwona Tulugak anatoka shule. Mtoto hakwenda nyumbani. Pazia la Maina lilisogea, mkono ukaita, mtoto akapanda ngazi akiwa ameinamisha kichwa, mlango ukafungwa. Jusipi alitaka kukimbia kule. Lakini angesema nini? Angesema mimi ndiye niliyeona aibu kusema? Akaendelea na kazi. Akapita mara mbili mbele ya mlango ule, mara ya tatu bila sababu, na viatu vidogo bado vilikuwa pale kwenye ngazi, kamba zimetawanyika.

Saa kumi na moja jua lingali juu, alikuwa anajaza tangi la nyumba ya mchungaji, redio ya lori inaimba. Muziki ukakatwa.

"Tuna simu," Aani alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Tuna Bibi Maina."

"Ni mimi, Maina. Sina maneno mengi. Mchana mlimsikia mwanangu anabadilisha bunduki ya mume wangu. Mimi nilimsikia pamoja nanyi, nina sindano mkononi, nikajichoma. Hilo nitalimaliza naye mwenyewe."

Jusipi alifumba macho.

"Ninalotaka kusema ni la Tulugak. Nyote mlimjua ana shoto. Mimi aliponioa hakuwa nayo. Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulikuwa kambini, sisi wawili tu. Alikuwa anachimba barafuni tundu la kuwindia sili, kipande cha barafu kikaruka, kikampiga jicho la kulia. Kwa nje hamkuona kitu. Kwa ndani ilikuwa ukungu mtupu mpaka alipokufa. Alinikataza nisiseme. Alisema wakijua, wataanza kuniletea nyama badala ya mimi kuwapelekea. Akajifunza upya kwa kushoto, nyuma ya kilima, majira mazima ya baridi, na siku nyingine tulilala njaa kwa sababu alikosa. Akahamisha na kijiko na kisu ili watu waone ni shoto ya kuzaliwa. Nimekaa na siri hiyo miaka hamsini na saba. Nimeitunza mpaka nikasahau kwamba ni siri."

Redioni ilisikika birika linachemka.

"Amerudi kwangu na macho yake yote mawili. Mimi ndiye niliyemtia kijiko mkono wa kushoto, tangu mdogo, na akanivumilia. Kosa ni langu. Mwenye bunduki ndogo ya kulia aniletee leo, mume wangu achague mwenyewe. Chai ipo, samaki yupo. Aani, weka muziki wako."

"Jusipi!" mke wa mchungaji alikuwa anapiga kelele dirishani. "Maji!"

Tangi lilikuwa limefurika, maji yanateremka ukutani na kuganda yakiteremka. Jusipi aliuchomoa mpira, machozi yanamtoka na anacheka, na hakuomba radhi mpaka kesho yake.

Alipofika kwa mama yake watu walikuwa wamejaa mpaka jikoni. Bunduki nne zimelazwa sakafuni kwenye maboksi, kando ya samaki wabichi walioganda. Tulugak alikuwa amepiga magoti mbele yazo, masikio mekundu. Moja ilikuwa ya kupendeza, kitako kina mchoro wa ndege, na mkono wake ulikwenda pale moja kwa moja.

"Vaa glavu kwanza," Maina alisema. "Bata hawaji jikoni."

Akavaa. Kidole chenye glavu hakikuingia penye kufyatulia. Akairudisha chini, na ilimuuma kuiacha, ilionekana. Ya pili nzito, mtutu ukazama. Ya tatu mkono wa kukoki ulikuwa mgumu. Ya nne ilikuwa kitu cha aibu: kitako kimekatwa kwa msumeno kikafupishwa, kimezungushiwa utepe mweusi wa kufungia mabomba. Akaiweka bega la kulia. Shavu likalala kwenye mbao, shingo imenyooka, akatulia tuli, mtutu unatazama dari.

"Ya nani hii?" Maina aliuliza, akikunja pua.

"Yangu," alisema Markusi kutoka mlangoni, na safari hii alikuwa anatazama chini. "Niliikatia binti yangu alipokuwa mdogo. Inalenga vizuri, mama mdogo, nakuapia. Na ile ya Jusipi… mimi nina shoto. Tangu utoto napiga bunduki za watu wa kulia, maganda ya risasi, bado ya moto, yananipita puani."

"Wewe una shoto?" Jusipi alishangaa.

"Hukuwahi kuniuliza."

"Na Jumamosi ukamcheka!"

"Nilikuwa naitamani ile bunduki, bwana," Markusi alisema. "Nikaona bora nicheke."

Watu wakaangua kicheko, na Siasi, aliyekuwa anakata mkate, akamtupia Markusi kipande kichwani. Bunduki zikabadilisha mikono. Maina akaichukua ile yenye utepe, akaigeuza huku na huku, akasema ni mbaya kama aliyeileta, kisha akasema kesho atatafuta ngozi aishonee kitako kizuri, na glavu ataanza upya.

Wageni walipopungua, Jusipi alikaa sakafuni karibu na mama yake. Alikuwa amejiandaa kugombezwa, naye Maina alimgombeza kweli, kwa sauti ya chini, mpaka akatosheka, kisha akampa mkate wenye siagi.

"Mama," Jusipi alisema baadaye, "mbona hukutuambia hata sisi wanawe?"

"Alinikataza. Mke gani hutoa siri ya mumewe?"

"Lakini leo umeisema redioni, kijiji kizima."

Maina alimtazama kama mtu asiyeelewa jambo jepesi.

"Nilimwomba ruhusa kwanza," alisema. "Tangu atoke shule tulikaa tukizungumza. Unadhani nilimwitia nini?"

Jusipi akageuka. Tulugak alikuwa amekaa na bunduki mapajani, kipande cha samaki shavuni, kisu mkono wa kulia. Alitafuna taratibu, akameza.

"Nilifikiria kidogo, mwanangu," alisema. "Nikamwambia aseme."